Namna ya Kukitibu Kijito na Kujua Kama Kimepona: Mwongozo Kutoka Milima ya Uluguru

Saa moja baada ya mvua kubwa kunyesha mlimani, simama kwenye daraja lolote mjini Morogoro utazame chini. Maji yanapita mazito, mekundu kama udongo wa kufyatulia matofali. Siku mbili tatu baadaye, mvua ikiwa imekatika, panda kwa miguu ukiufuata mto huo huo hadi mpaka wa msitu wa hifadhi. Huko maji ni maangavu, kokoto unazihesabu, na ukigeuza jiwe kaa anakimbia. Mto ni ule ule. Kilichotofautiana ni yale yaliyoupata njiani, na mwongozo huu unahusu hiyo njia.

Vijito vya Uluguru ndivyo vinavyoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaolinywesha jiji la Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Upande wa magharibi maji yanaingia bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 kwenye mto Ngerengere kwa ajili ya mji wa Morogoro. Udongo unaochukuliwa na mvua kwenye shamba la nusu ekari kule Mlali unakwenda kulala ndani ya bwawa hilo, na kila ndoo ya udongo inayoingia ni ndoo ya maji iliyokosa nafasi.

Nitatoa mifano ya Uluguru, lakini hatua hizi zinafaa kijito chochote cha milimani katika ukanda wetu. Na kuna jambo moja ninalolisisitiza kuliko yote: usipande hata mche mmoja kabla hujapima. Siku za kupanda miti tumeziona nyingi, na watu wamejitolea kwa moyo safi. Baada ya miaka mitatu ukiuliza kama kijito kimepata nafuu, hakuna mwenye jibu, kwa sababu hakuna aliyeandika kilikuwaje siku ile ya kwanza. Mganga asiyempima mgonjwa hawezi kujua kama dawa imefanya kazi.

Hatua ya kwanza: watu wa ukingoni

Serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilikwisha kuijaribu kazi hii Uluguru. Kuanzia mwaka 1950 iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilisemwa kuwa njema, lakini udongo wa juu wenye rutuba kule ni mwembamba. Kuchimba ngazi kuliufukua udongo mfu wa chini na kuufukia ule mzuri. Kazi ilikuwa ya lazima, nzito, na mavuno hayakuilipa. Mwaka 1955 watu walikataa hadharani, ghasia zikazuka Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukafa. Ninalikumbusha hili kwa sababu bado kuna wataalamu wanaofika kijijini na mchoro uliokamilika mkononi, wakidhani kazi iliyobaki ni kuwaelimisha wananchi tu.

Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha kamati ya mazingira, kisha mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji atakuambia kama kuna sheria ndogo za vyanzo vya maji na kama kuna jumuiya ya watumia maji kwenye kijito hicho. Ikiwepo, kazi yote ifanyike chini ya mwavuli wake. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko mjini Morogoro. Nenda ukajitambulishe mapema, kwa kuwa vibali vya kutumia maji viko kwao, na takwimu zako zitakuwa na uzito zaidi wakijua zilivyopatikana. Mabonde mengine ya Tanzania nayo yana bodi zake, jumla yake ni mabonde 9.

Sheria uijue kabla ya kuitamka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha hifadhi ya eneo hilo. Mita 60 kila upande, kwenye bonde jembamba la Uluguru, ni shamba lote la familia. Ukiingia na tepu na kutangaza mita 60 siku ya kwanza, utaondoka na tepu yako, na kijito kitabaki kilivyo. Mimi naona busara ni kuanza na mita 10 za kwanza, zile zinazogusa maji, ukakubaliana na kila mwenye shamba nini kitaota pale kitakachomletea kitu mezani. Ukanda utapanuka watu wakiona faida. Hiyo si kuivunja sheria. Ni kutafuta mlango wa kuiingiza.

Suala la ardhi uliulize taratibu. Kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Anayelima ukingoni huenda ameazimwa tu, na kupanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya kuazima kunaonekana kama kujimilikisha. Ukimgawia mtu huyo miche ya mikuyu, ataipokea kwa adabu, ataiweka uani, itakauka. Tatizo halikuwa uvivu wake. Ulipaswa kuzungumza kwanza na wazee wa ukoo.

Hatua ya pili: kitembee kijito chote

Chukua daftari, simu yenye kamera na ramani, mabuti ya mpira, na mwenyeji mmoja au wawili wanaokifahamu. Tembea kuanzia chini kwenda juu. Ukitoka juu unakuja ukiyachafua maji unayotaka kuyaona, na zaidi ya hapo, ukipanda unafika kwenye kila makutano ukiwa na swali: tope hili linatoka mkono gani?

Hili la makutano ndilo siri ya kazi nzima. Fanya matembezi mara mbili, kiangazi na siku moja baada ya mvua. Siku ya mvua, kila kijito kidogo kinapoingia kwenye kikubwa utaona rangi mbili zikitembea sambamba kabla hazijachanganyika. Fuata mkono wenye tope. Kwenye makutano yanayofuata fanya vivyo hivyo. Mara nyingi utagundua kwamba sehemu kubwa ya tope la bonde zima inatoka sehemu mbili au tatu: korongo moja, mtaro wa barabara, njia ya ng'ombe. Nguvu utakazozielekeza hapo zitazidi miche elfu kumi iliyotawanywa kila mahali.

Andika na piga picha ya kila unachokiona: bustani za mboga zinazofika hadi kwenye maji, mashamba yaliyochomwa moto, mikaratusi juu ya chemchemi, mahali pa kunyweshea mifugo, pampu za petroli, mabomba yanayochepusha maji, watu wanaochimba mchanga, wanaofyatua matofali, wanaochekecha dhahabu, vijana wanaoosha bodaboda mtoni. Usimhukumu mtu njiani. Muuliza maswali hupata majibu, mkaripiaji hupata kimya. Waulize wazee: zamani maji yalifika wapi kiangazi? Samaki gani walikuwepo? Chemchemi ipi imekauka, na ilikauka baada ya nini?

Barabara na njia za miguu watu huzisahau. Njia ya bodaboda inayoteremka moja kwa moja mlimani ni mfereji tayari. Mvua ikinyesha inabeba udongo hadi mtoni bila kukutana na jani hata moja. Zihesabu pia.

Hatua ya tatu: chagua vituo, na kijito cha kulinganisha

Vituo vinne vinatosha kwa kijito cha kilomita tano hadi kumi. Cha kwanza kiwe juu kabisa, mpakani mwa msitu, mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa sana. Hicho ndicho kioo chako, afya ya kijito hiki ilivyokuwa na inavyoweza kuwa. Cha pili kiwe juu kidogo ya eneo utakalolitibu, cha tatu chini yake, cha nne chini ya kijiji au mji. Kila kituo ni kipande cha mita 20 hadi 50 chenye mawe na maji yanayokwenda. Weka alama ya kudumu, kwa mfano rangi kwenye jiwe kubwa, na piga picha kila mara ukiwa umesimama pale pale.

Sasa kituo cha tano, ambacho karibu kila mradi hukikosa: kiweke kwenye kijito jirani ambacho hutakigusa. Tuseme umepanda majani na kuziba makorongo, na mwaka unaofuata maji yako yamekuwa safi zaidi. Je, ni kazi yako, au ni mvua tu ilikuwa haba? Ukimtazama jirani utajua. Kama naye amekuwa safi kiasi kile kile, ni mvua. Kama yeye amebaki na tope na wako umeng'aa, kazi yako imezaa. Bila kijito cha kulinganisha utabaki unakisia, na mtu yeyote anayetaka kukubishia ataweza.

Hatua ya nne: pima maji yenyewe

Kiasi cha maji. Vifaa ni tepu, rula ndefu, saa ya simu, na chungwa. Naam, chungwa: linaelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi kama unavyosukuma kipande cha mti.

1. Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10, kisicho na mawe makubwa yaliyojitokeza.
2. Pima upana wa maji, kisha kina mahali pasipopungua patano kuvuka kijito, utafute wastani wa kina.
3. Zidisha upana kwa wastani wa kina, unapata eneo.
4. Achia chungwa juu kidogo ya mstari wa kuanzia, hesabu sekunde hadi mstari wa mwisho. Rudia mara tano, chukua wastani.
5. Gawanya mita 10 kwa sekunde hizo upate kasi, kisha zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruza mawe.
6. Zidisha eneo kwa kasi hiyo.

Mfano: upana mita 1.2, wastani wa kina mita 0.15, eneo ni mita za mraba 0.18. Chungwa limetumia sekunde 40, kasi ni mita 0.25 kwa sekunde, ikizidishwa kwa 0.8 inakuwa 0.2. Jibu ni mita za ujazo 0.036 kwa sekunde, yaani lita 36. Kwa siku nzima hizo ni zaidi ya lita milioni tatu. Taja hesabu hii kwenye mkutano wa kijiji uone watu wanavyoketi sawasawa.

Chemchemi au kijito kidogo sana kipime kwa ndoo: elekeza maji yote ndani ya ndoo ya lita 20 uhesabu sekunde hadi ijae. Kwenye kituo kikuu simamisha ubao wenye alama za sentimita, aliye jirani awe anausoma kila asubuhi saa ile ile. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza kazi hii, na mara nyingi huifanya kwa uaminifu kuliko mtu mzima.

Tope. Kama una mrija mwangavu wa mita moja wenye alama nyeusi chini, mimina maji hadi alama ipotee machoni, uandike sentimita. Kama huna, tumia chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu. Ijaze, iandike tarehe na kituo, iache imetulia usiku kucha, asubuhi pima kwa rula unene wa udongo uliotuama chini. Kipimo hiki kinamshawishi mkulima kuliko mashine yoyote, kwa kuwa anauona udongo wake umekaa kwenye chupa. Chukua sampuli za tope siku za mvua. Kiangazi karibu kila kijito huonekana kisafi.

Joto, oksijeni na chumvi. Kipimajoto ni rahisi kukipata na kinasema mengi: kijito kilichopoteza kivuli hupanda joto mchana, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanaweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 takribani 7.5 tu. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 5, samaki wengi wanaanza kutaabika. Kifaa kidogo cha mkononi cha kupima chumvi zilizoyeyuka kinafaa kununuliwa kabla ya vingine. Namba yenyewe isikutie hofu. Linganisha na kituo cha msituni. Ikipanda ghafla kati ya kituo kimoja na kingine, kuna kitu kinaingia hapo katikati, mara nyingi maji machafu ya nyumbani au mbolea. Rudi ukatafute.

Hatua ya tano: waulize wadudu

Hapa ndipo ninapopapenda. Kipimo cha kemia kinakuambia maji yalivyo dakika hiyo. Mkulima akisafisha bomba la kunyunyizia dawa mtoni Jumatatu, Jumatano vipimo havioni kitu. Lakini wadudu wanaoishi chini ya mawe wamekaa humo wiki na miezi. Aliyekufa Jumatatu hayupo Jumatano. Wao ni kumbukumbu ya kijito.

Afrika Kusini walitengeneza mfumo wa kupima mito kwa wadudu unaoitwa SASS, na ndugu yake mwepesi kwa wananchi, miniSASS. Tanzania nayo ina mfumo wake uliotokana na huo, TARISS, unaotumiwa na wataalamu. Kwa kikundi cha kijiji, miniSASS inatosha kuanzia.

Vifaa: wavu wa matundu madogo uliofungwa kwenye fremu ya waya (hata chujio kubwa la jikoni litafaa), beseni jeupe, kijiko cha plastiki, na lenzi kama ipo. Simama ndani ya maji ukielekea yanakokwenda, shika wavu mbele ya miguu yako, na tikisa mawe kwa miguu ili wadudu waliong'oka wapelekwe na maji ndani ya wavu. Fanya hivyo kwenye mawe, kwenye majani ya ukingoni na kwenye mchanga, kwa jumla ya dakika tano. Mimina kwenye beseni lenye maji kidogo, subiri tope litulie, kisha tazama nini kinatembea.

Kila kundi lina alama. Likiwepo, hata mdudu mmoja, liandike mara moja tu:

- Minyoo bapa inayoteleza juu ya mawe: 3
- Minyoo ya kawaida ya matopeni: 2
- Ruba: 2
- Kaa au kamba wa maji baridi: 6
- Mdudu wa mikia miwili anayetambaa, mwenye manyoya ya kupumulia makwapani: 17
- Mdudu mwembamba wa mikia miwili au mitatu anayeogelea mbio kama kisamaki: 5
- Jamaa zake walio bapa, wanaong'ang'ania mawe, wenye vijani vya kupumulia pembeni mwa tumbo: 11
- Buu la kereng'ende mwembamba, lenye mikia mitatu kama majani: 4
- Buu la kereng'ende mnene, lisilo na mikia: 6
- Kunguni wa maji au mbawakavu: 5
- Buu laini lenye miguu sita karibu na kichwa, ambalo mara nyingi hujijengea nyumba ya mchanga au vijiti: 9
- Mabuu ya mbu, usubi na inzi wengine, yasiyo na miguu yenye viungo: 2
- Konokono: 4

Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Tuseme kituo cha juu umepata kaa, kisamaki, jamaa bapa, mjenga nyumba, kereng'ende mnene, mbawakavu na mabuu ya inzi. Jumla ni 44, makundi 7, wastani 6.3. Chini ya kijiji umepata minyoo, ruba, mabuu ya inzi, konokono, kisamaki na kunguni wa maji: jumla 20, makundi 6, wastani 3.3. Kwa kipimo cha Afrika Kusini, kijito cha mawe chenye wastani unaozidi 7.9 kiko katika hali yake ya asili, na kilicho chini ya 5.1 kimeharibika vibaya. Mipaka hiyo ilipangwa kwa mito ya kwao, kwa hiyo mimi naitumia kama mwanga tu. Hukumu ya kweli ni tofauti kati ya kituo chako cha juu na vile vya chini, na kama tofauti hiyo inapungua mwaka hadi mwaka.

Pima wadudu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa saba baada ya masika kutulia, na mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba. Usipime ndani ya wiki mbili baada ya mafuriko. Wengi wanakuwa wamesombwa. Ukimaliza warudishe wote majini.

Dalili moja uikariri. Maji yakiwa na tope, wadudu hupungua polepole na wanaobaki ni wa matopeni. Lakini ukikuta maji ni maangavu na chini ya mawe hamna chochote, hasa ukiona kaa waliokufa, shuku sumu ya shambani. Piga picha, chukua maji kwenye chupa safi, iweke kwenye barafu, toa taarifa kwa mtendaji na bodi ya bonde siku hiyo hiyo.

Na wadudu wazuri si kibali cha kunywa maji. Vimelea vya kuhara havionekani kwenye beseni. Maji ya kunywa yachemshwe.

Usalama kidogo: usiende peke yako, usiingie majini wingu likiwa jeusi mlimani hata kama ulipo kuna jua, kwenye maji yaliyotuama yenye konokono vaa mabuti kwa sababu ya kichocho, na ukiteremka hadi tambarare za Ruvu, mamba wapo.

Hatua ya sita: tibu, kwa mpangilio

Baada ya mwaka mmoja wa vipimo, au angalau kiangazi kimoja na masika moja, unajua ugonjwa uko wapi. Sasa anza na kilicho juu mlimani na mbali na maji, uje ukingoni mwisho. Wengi huanza kwa kupanda miti ukingoni kwa sababu ndiko kunakoonekana kwenye picha, kisha korongo la juu linateremsha udongo na kuifukia miche yote.

Shambani. Makinga maji yafuate kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko kwa usawa ule ule, yapimwe kwa fremu ya A: miti miwili ya mita mbili, wa tatu mfupi wa kuunga katikati, uzi na jiwe. Mkulima anajitengenezea mwenyewe asubuhi moja. Kwenye udongo mwembamba usichimbe ngazi. Panda mistari ya mabingobingo au vetiva kwenye kontua, udongo utajijenga wenyewe nyuma ya majani mwaka baada ya mwaka. Tofauti na matuta ya 1955, mistari ya mabingobingo inalisha ng'ombe na mbuzi. Mabaki ya mahindi yasichomwe, yatandazwe.

Njia na barabara. Kila hatua kumi au kumi na tano kwenye mteremko mkali weka kizuizi cha mshazari cha mawe au gogo kinachoyatoa maji ya mvua njiani na kuyapeleka kwenye majani, si mtoni.

Makorongo. Weka vizuizi vya mawe, au fito zilizosukwa, kukatiza korongo. Visizidi mita moja kwenda juu. Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, la sivyo yatachimba ukutani. Nafasi yake ni rahisi: kitako cha kizuizi cha juu kilingane na kimo cha kizuizi kinachofuata chini. Vizuizi hivi ni vya makorongo makavu tu. Usivijenge ndani ya kijito chenyewe. Samaki na kaa wanahitaji kupanda na kushuka.

Mifugo. Kufukuza ng'ombe bila kuwapa maji kwingine ni kuanzisha ugomvi. Vuta bomba hadi kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iliyo mbali na ukingo, kisha zungushia ukingo ua wa miti hai.

Ukingo. Mita moja ya kwanza iachie matete na majani. Yakikatwa yataota tena, na mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Baada ya hapo panda miti ya asili inayopenda maji: mkuyu, mzambarau mwitu, mkangazi. Mkuyu huota hata kwa vipande vya tawi vilivyochomekwa wakati ardhi ina unyevu. Kwa mkulima, changanya na migomba, magimbi upande wa juu na miti ya matunda. Ukanda usiomlisha mtu hautadumu. Nafasi ya mita mbili hadi tatu inatosha. Panda Machi masika inapoanza kushika, si vuli, ambayo Morogoro hutudanganya. Kisha palilia miaka miwili. Miche mingi haifi kwa kiu. Inasongwa na magugu au inafyekwa na mtu asiyeiona. Weka kijiti chenye rangi kando ya kila mche.

Mikaratusi iliyo juu ya chemchemi iondolewe kwa awamu, theluthi kwa theluthi, huku miti ya asili ikiota chini yake. Machipukizi yakatwe kila msimu, kwa sababu mkaratusi haufi kwa panga moja.

Maji ya umwagiliaji. Hapa hakuna mche utakaosaidia. Kama pampu kumi zinavuta kijito chote Septemba, wadudu, samaki na walio chini wanakosa. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha ya mazingira, kabla ya mengine. Jumuiya ikae na wenye pampu, wapange zamu, na waweke alama kwenye ule ubao wa sentimita: maji yakishuka hapa, pampu zote zinazimwa.

Hatua ya saba: soma daftari mbele ya watu

Usitegemee kila kipimo kipone kwa pamoja. Tope la siku za mvua ndilo hupungua kwanza, masika ya kwanza au ya pili baada ya kuziba makorongo. Joto husubiri kivuli, na kivuli husubiri miti miaka mitatu hadi mitano. Wadudu wa alama 9 na 11 hurudi mawe yakishajisafisha mchanga, mradi juu kuna kipande cha mto kizima cha kuwaleta. Maji ya kiangazi huchelewa kuliko vyote, na mwaka wa ukame yatapungua hata ukifanya kila kitu sawa. Ndiyo maana kijito jirani kipimwe kila mara bila kukosa.

Daftari liwe na nakala tatu: moja kwa kikundi, moja ofisi ya kijiji, moja bodi ya bonde. Andika hata siku ulizokosa kupima, na sababu. Kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, peleka matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Usipeleke grafu peke yake. Panga mezani chupa za udongo za mwaka jana na mwaka huu, kituo kwa kituo, na kando yake mabeseni mawili yenye wadudu waliovuliwa asubuhi hiyo, moja la juu na moja la chini. Waite watu waje waangalie wenyewe, watoto kwanza. Kisha muulize mwenye shamba lililo kando ya kituo cha tatu aeleze amefanya nini mwaka huu, na nini hakikumfaa. Yale atakayosema ndiyo yaingie kwenye mpango wa mwaka unaofuata.